Maigizo ya visiwani yapangwe kwa mwezi wa angani, si kwa ratiba ya ofisi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu maigizo yanayopelekwa visiwani. Halmashauri zinaandaa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, na kama kawaida patakuwa na kifungu cha uhamasishaji kwa njia ya sanaa. Tunajua kinavyotumika. Kikundi kinakodiwa mjini, kinapanda boti asubuhi, kinafunga spika mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, kinacheza ngoma mbili na igizo la kichocho au la nyavu haramu, kinagawa fulana, kinapigwa picha na kuwahi boti ya jioni. Ripoti inasema wananchi 400 wamefikiwa. Wamefikiwa kweli, kama mvua inavyolifikia bati.

Maigizo ndiyo kazi yetu, kwa hiyo hatuyapingi. Tunachopinga ni kuhesabu onyesho kuwa ndiyo kazi nzima. Katika visiwa vya Ziwa Victoria kama Ukara, Irugwa au Goziba, dakika 25 za kucheza ndizo nyepesi kuliko zote. Uzito uko katika siku kumi za kabla, na katika safari ya pili ambayo hakuna anayetaka kuilipia.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo inayoharibu kazi kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mwezi ukipevuka taa haziwavuti tena, mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na baada ya siku chache vijana wanatawanyika, huyu kwao, yule mjini kula alichopata. Ukifika katikati ya giza na kutangaza onyesho la saa 10 jioni, wavuvi ndio kwanza wanapanga taa na mafuta ya kutokea ziwani. Utabaki na watoto na walevi. Ukisubiri mwezi uwe duara kamili, utakuta kambi nusu tupu. Wakati unaofaa ni mwembamba: timu iingie kambini giza likiwa limebakiza kama siku kumi, ili iione kazi yenyewe inavyokwenda, na onyesho liwe katika siku mbili tatu za mwanzo wa mbalamwezi, watu wakiwa wamepumzika lakini hawajaondoka. Kambi za sangara zina kalenda yake, kwa hiyo huko ni kuuliza kwanza. Na siku Simba na Yanga zinapocheza, hakuna mwongozaji atakayekishinda kibanda umiza, kibanda cha kulipia kutazama mpira kwenye televisheni.

Timu ya watu sita inatosha: mwongozaji, mwezeshaji na waigizaji wanne ambao kazi yao hasa ni kuwafundisha wenyeji. Wanawake wasipungue wawili, na angalau mtu mmoja kati ya sita azungumze lugha ya hapo, iwe Kikerewe, Kijita au Kikara. Kiswahili kinaeleweka kila mwalo, lakini mwanamke mzee akianza kusema jambo lililomuuma hubadilisha lugha katikati ya sentensi, na hapo ndipo penye habari. Kamera ibaki mjini siku zote za mwanzo.

Siku nne za kwanza si za mazoezi wala mikutano. Barua ya utambulisho ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji, kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo), kisha timu igawane: wawili waende wanakoanika dagaa, wawili kwa wanaoshona nyavu, mmoja kwa mamalishe, mmoja kwa wazee. Mazungumzo yafanyike kazi ikiendelea. Anayeanika hana muda wa kukaa kwenye benchi kujibu maswali yako, lakini ukishika ndoo na kutandaza naye, atasema mengi kuliko dodoso lolote. Makundi yasichanganywe mapema. Ukiita mkutano mmoja wa wote, tajiri mwenye mitumbwi atazungumza, nahodha wake atakubaliana naye, na mwanamke anayemtegemea kupata dagaa kwa mali kauli, achukue leo alipe akishauza, atanyamaza. Ukimya wake utaandikwa kwenye daftari kuwa hana tatizo.

Zoezi linalofaa sana hatua hii ni ramani ya mchangani. Kila kundi lichore kambi kwa kijiti: nyumba, vyoo, maji ya kunywa yanakochotwa, mahali pa kunywea pombe, mahali pasipopitika usiku. Ramani ya vijana na ya wanawake hazitafanana. Njia ambayo kwenye ramani ya wavuvi ni mstari mfupi tu wa kwenda ziwani, kwenye ramani ya wasichana inaweza kuzunguka kambi nzima. Hapo igizo limeshaanza kujitunga.

Siku ya tano na ya sita ni za kuuliza "kwa nini", mara tano na zaidi, mpaka jibu lifike mahali ambapo mtu anaweza kufanya kitu. Tuchukue jaketi okozi. Igizo la siku moja husema: vaa jaketi, usipovaa utakufa. Mvuvi anajua atakufa, ameshazika wenzake. Kwa nini havai? Kwa sababu halimo mtumbwini. Kwa nini halimo? Liko stoo kwa tajiri. Kwa nini liko stoo? Likikaa mtumbwini litaibwa au litaoza kwa jua na maji, na mkaguzi akija ni lazima lionekane jipya. Kwa nini mvuvi asilidai? Kwa sababu malipo yake ni mgao baada ya kuuza, hana mkataba, na anayedai sana hapati mtumbwi wa kutoka nao kesho. Sasa tumepata igizo, na halihusu uzembe tena. Linahusu ufunguo wa stoo: nani anaushika, na mvuvi atauombaje saa 11 jioni bila kupoteza kibarua.

Kutunga igizo pamoja na wenyeji namna hii si jambo geni nchini mwetu, ndiyo maana linauma kuona linasahauliwa. Malya, wilayani Kwimba, ambayo wengi leo wanaijua kwa chuo cha michezo, ilikuwa mahali pa mojawapo ya majaribio makubwa ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo Tanzania. Kati ya 1982 na 1983 wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji kwa hatua: kukusanya habari pamoja nao, kuzichambua pamoja nao, kutunga, kuonyesha, kujadili, kisha kufuatilia. Wachezaji walikuwa wenyeji, na ngoma zilikuwa zao. Walikwenda na kurudi. Kabla ya hapo, Botswana ilikuwa na Laedza Batanani, kampeni ya kuelimisha vijiji kwa maigizo, iliyoanza 1974 na kuigwa nchi nyingi za Afrika. Lawama iliyoiandama ni ileile tunayoitoa leo: mada zilielekea kuamuliwa na maofisa, na wanakijiji wakabaki kuambiwa wajirekebishe. Tanzania iliujua mtego huo zaidi ya miaka 40 iliyopita. Mwaka 1996 Chuo Kikuu hichohicho kilianza mradi wa TUSEME kwa wasichana wa sekondari, kwa njia ya kuwaachia wenyewe wataje kinachowazuia kusoma na wakitungie igizo. Ujuzi upo, na TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni pale Bagamoyo, inafundisha vijana wa fani hii. Kinachokosekana ni siku za kukaa kijijini.

Turudi kambini. Siku ya saba hadi ya kumi ni za kutunga, na igizo lisiandikwe. Sababu ni mbili. Baadhi ya waigizaji wazuri kabisa hawasomi, na mtu aliyekariri maneno huvunjika mara mtazamaji anapoingia na kusema jambo ambalo halimo. Kinachowekwa ni mifupa: matukio manne au matano, nani anaingia, anataka nini, anazuiwa na nani, na neno moja la kumwashiria mwenzake kwamba tukio limekwisha. Wachezaji wanane hadi 12 wanatosha. Wachague wanaobaki kambini, maana wavuvi huhama kisiwa hadi kisiwa wakifuata samaki, na kikundi cha mabaharia watupu kitakuwa kimeyeyuka kabla ya mwezi unaofuata. Mamalishe, mwenye duka, fundi wa injini, mwanamke wa dagaa: hao utawakuta ukirudi.

Kosa linalojirudia kuliko yote wakati wa kutunga ni mkosaji kuwa kipenzi cha watu. Tajiri mwonevu au mlevi hupewa mwigizaji mchekeshaji kuliko wote, anapewa kitambi cha mto na miwani, na baada ya onyesho watoto wote wanatembea kama yeye. Ujumbe umeishia kwenye kitambi. Watu hucheka pamoja na mwenye maneno mazuri, hata kama ndiye mwizi. Dawa yake ni kuhamisha kicheko: mpe maneno ya kuchekesha yule mnyonge, na mkosaji mwache awe mtu wa kawaida, mpole, mwenye sababu zake. Tajiri anayesema kwa upole, "Mwanangu, mimi ni baba yako hapa, jaketi la nini?" ni mgumu kumjibu kuliko tajiri anayefoka, na ugumu huo ndio tunaoutaka.

Siri za watu ni jambo la pili. Kambi ya watu 300 haina mtu asiyejulikana. Kubadilisha jina hakutoshi, kwa sababu watu watamtambua kwa shati. Changanya visa vitatu viwe kimoja, badilisha umri, kazi na idadi ya watoto, na kiweke kisa chote katika kisiwa ambacho hakipo. Aliyepatwa na jambo asiigize jambo lake mwenyewe, hata akiomba. Siku ya 11 igizo lionyeshwe kwanza kwa watu kumi hivi: wazee, muuguzi wa zahanati kama yupo, na wale ambao habari zao zimegusa hadithi. Mmoja wao akisema tukio fulani litolewe, litoke bila mjadala. Afadhali igizo lenye pengo kuliko mwanamke atakayeishi na vidole vikimwelekea baada ya boti yenu kuondoka.

Hapa tuseme wazi juu ya Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kupeleka huko igizo lenye chombo kinachopinduka na watu wanaopiga mayowe majini ni ukatili, ujumbe uwe mzuri kiasi gani. Usalama wa majini unaweza kuigizwa bila maji: tukio la ufukweni kabla ya kung'oa nanga, abiria wa mwisho anayelazimisha kupanda, na mtu aliyebaki nyumbani akikunja nguo. Muuguzi wa zahanati ajulishwe mapema, na mtu mmoja wa timu asiwe na kazi nyingine siku hiyo ila kukaa na atakayeondoka uwanjani akilia.

Uwanja nao una hesabu zake. Alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo waigizaji wakisimama upande wa ziwa na watazamaji upande wa nchi kavu, upepo unabeba sauti kuwapelekea watu. Wakikaa kinyume, mstari wa tatu hausikii kitu, ndipo mnakimbilia spika, na spika ikishika, mtazamaji hataingia kamwe kuigiza, kwa kuwa kipaza sauti kimoja kinamfanya mmoja awe bwana na wengine wasikilizaji. Kwenye ufuko unaotazama magharibi kuna kasoro: jua la jioni na mng'ao wa maji vinawapiga watazamaji usoni. Huko geuza uwanja ubavu, au nenda chini ya mti nyuma ya kambi. Chora duara la hatua nane kwa majivu, watu wakae pande tatu, watoto mbele kwenye turubai ili wasije wakalimeza duara kidogo kidogo. Kwa mpangilio huo watu 300 husikia bila mtambo wowote, mradi mwenye jenereta iliyo karibu ameombwa na amekubali kulizima kwa saa mbili. Na msiombe uwanja wa kuanikia dagaa kabla dagaa hawajaanuliwa, maana huko ni kumla mtu kipato chake kisha kumfundisha maendeleo.

Ngoma ya kuita watu iwe fupi, robo saa. Usukumani mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, yamezoeza watu kwamba ngoma mbili zikilia, umati unagawanyika kwenda kwa anayecheza vizuri zaidi. Ngoma ikinoga sana kabla ya igizo, umati utaifuata ngoma ikitoka.

Igizo lichezwe mpaka pale mambo yanapokuwa mabaya zaidi, kisha likatwe. Mwezeshaji aingie na kuuliza: ungekuwa wewe, ungefanyaje? Njia hii inatoka kwa mwongozaji wa maigizo Mbrazili, Augusto Boal, aliyeikuza miaka ya 1970 huko Amerika ya Kusini. Kanuni zake ni chache na zina sababu. Igizo linaanza upya, na mtazamaji anaweza kusema "simama!" na kuchukua nafasi ya mnyonge. Hachukui nafasi ya mkosaji, kwa kuwa kumgeuza tajiri awe mwema ghafla ni rahisi jukwaani na haitokei mwaloni. Suluhisho la miujiza likitokea, kama la kuokota fedha au kuja kwa waziri, mwezeshaji anawauliza watu kama linawezekana hapa, na wao ndio watakaolikataa kwa kicheko. Waigizaji wanaobaki wafundishwe kupinga kwa kiasi: wakikubali haraka, watu wataondoka na jibu la uongo, wakikaza mno, hakuna wa pili atakayethubutu. Saa moja hutosha kuwaingiza watu watano hadi wanane.

Wa kwanza kuingia mara nyingi ni mlevi. Asifukuzwe. Apewe dakika moja, ashangiliwe, kisha aulizwe mwingine. Wa pili ni kiongozi anayetaka kuhutubia. Yeye mkumbushe kwa heshima kwamba ndani ya duara hatusemi, tunatenda: "Mheshimiwa, tuonyeshe." Wanawake wasipoingia baada ya watu wanne, mwezeshaji aseme kwamba zamu inayofuata ni ya mama au dada, na asubiri, hata dakika mbili za ukimya. Ukimya huo huwatesa wawezeshaji wachanga, wakaujaza kwa maneno.

Sasa swali la baada ya hapo: yaliyosemwa yanakwenda wapi? Boal mwenyewe alipokuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, aliyatumia maigizo ya wananchi kutoa mapendekezo ya sheria. Sisi tunacho chombo tayari: mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Onyesho likipangwa siku chache kabla ya mkutano huo, lililokubaliwa kwenye duara linaweza kuingia kwenye muhtasari, na kutoka hapo likawa pendekezo la sheria ndogo. Likipangwa wiki moja baada ya mkutano, litangoja robo mwaka, na wavuvi waliolisema watakuwa kisiwa kingine.

Viongozi huwa na hofu hapa, na hofu yenyewe ina historia. Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wanakijiji walijijengea wenyewe ukumbi wa wazi wa watu kama 2,000 na kuigiza kwa Kigikuyu habari za ardhi na vibarua. Onyesho lilianza Oktoba 1977, kibali kikafutwa Novemba mwaka huohuo, na Machi 1982 ukumbi ukabomolewa na polisi. Ili mtendaji asishtuke, mpelekeeni mada na majina ya wachezaji mapema, na mwalikeni siku ya 11. Akitaka kujua mwisho wa igizo, aambiwe ukweli: mwisho haujatungwa, watu wake ndio watakaoutunga akiwa hapo.

Siku ya onyesho isiishe bila kuteuliwa watu saba, wakiwamo wanawake watatu, na bila kuandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji mambo yasiyozidi matatu: nini, nani, lini. "Stoo ya jaketi ifunguliwe kila siku saa 10 jioni, ufunguo ashike katibu wa BMU" ni jambo. "Kuboresha usalama" si jambo. Timu irudi baada ya miezi mitatu, watu wawili tu, siku tatu, mbalamwezi ikianza tena. Kama stoo bado imefungwa, kikundi cha wenyeji kicheze upya kuanzia kwenye kizuizi kipya. Kama imefunguliwa, hakuna haja ya kucheza.

Ombi letu kwa maofisa utamaduni na maendeleo ya jamii ni la kihasibu. Fedha ya visiwa vitano vya siku moja moja iende kisiwa kimoja kwa siku 14. Posho ya mchezaji mwenyeji ilingane na ya mchezaji wa mjini kwa siku anazofanya kazi, kwani soda na ahsante vinawaambia watu nani ni msanii na nani ni mapambo. Katika kila shilingi kumi, tatu zitengwe kwa safari ya kurudi, na nauli yake ya boti iandikwe kwa jina lake kwenye bajeti ileile, juu ya mstari wa fulana.

Ni sisi,
Waongozaji na wawezeshaji wa maigizo shirikishi,
Kanda ya Ziwa